Nilivyowapotosha akina mama wa Kaaleng

Niliandika sentensi isiyo sahihi kuhusu sheria ya vileo, nikaichapisha, kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya baraza la Kaaleng. Mama mmoja aliyeisikia na kuiamini alishikwa na polisi, akatozwa faini, na mbuzi wake wanne wakauzwa. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Tangu mwaka 2010, chang'aa si haramu tena nchini Kenya."

Wengi wetu tunaozunguka vijijini kueleza sheria tumewahi kusema maneno ya aina hiyo. Yanasikika vizuri, watu wanayashika upesi, na ukibanwa unaweza kuyatetea. Mimi nilikuwa na mahali pa kuyatetea. Nilikuwa na nakala ya sheria yenyewe mkobani, na ukurasa nilioutegemea nilikuwa nimeupigia mstari wa wino mwekundu.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi za elimu ya uraia Turkana, kazi za kuitwa: wiki hii semina ya Katiba mjini Lodwar, wiki ijayo mkutano wa ardhi Kakuma, halafu unakaa nyumbani hadi simu ilie tena. Walionipa kazi safari ile walitaka karatasi moja ya Kiswahili chepesi, mbele na nyuma, inayoeleza sheria zinazomgusa mwananchi kila siku. Upande wa mbele niliweka Katiba: haki, kazi za serikali ya taifa na kazi za kaunti. Upande wa nyuma niliweka vitambulisho, ndoa za watoto, ardhi ya jamii, na chini kabisa, vileo. Sehemu ya vileo niliiandika mwisho, usiku, nikiwa na hakika kwamba naijua. Ardhi niliisoma mara mbili kwa kuwa niliiogopa. Vileo sikuviogopa.

Nieleze nilichokuwa nacho. Mnamo 1980 Kenya ilitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Hiyo ndiyo sheria iliyokuja kuwa Sura ya 70. Chini ya sheria hiyo kupika, kuuza na kunywa kulikuwa kosa, bila kujali ilivyopikwa wala aliyeipika. Miaka thelathini baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, aliyeuleta mswada huo. Rais Kibaki aliitia sahihi tarehe 13 Agosti 2010, na ikaanza kutumika tarehe 22 Novemba mwaka huohuo. Karibu na mwisho wake kuna kifungu kifupi kinachofuta sheria mbili za zamani: ile ya leseni za pombe, na ile ya marufuku ya chang'aa. Kifungu hicho ndicho nilichokipigia mstari mwekundu. Niliona neno la kufutwa, nikaona jina la chang'aa, nikafunga kitabu.

Sikusoma tafsiri ya maneno mwanzoni mwa sheria. Sikusoma majedwali. Vifungu vya leseni nilivipitia kwa macho tu, nikidhani vinahusu baa za mjini. Kichwani mwangu hayo yote yalikuwa mambo ya kiufundi, ya mawakili na makarani, na karatasi yangu ilikuwa ya watu wa kawaida. Nilijiambia kwamba nawarahisishia.

Kaaleng iko Turkana Kaskazini, upande wa kwenda Lokitaung. Lokitaung ndiko Mwingereza alikomfunga Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria, na kabla na baada ya hapo serikali huku kwetu ilijulikana kwa lori la askari kuliko kwa kitabu. Naitaja historia hiyo kwa sababu moja. Mtu anapofika kijijini bila bunduki, akiwa na karatasi iliyoandikwa Kiswahili, akakaa chini ya mti na kusema "hii ndiyo sheria yenu", watu humsikiliza kwa namna ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuifahamu. Nilijua kwamba naaminiwa. Kujua hivyo kungepaswa kunifanya nisome mara ya pili, na sikusoma.

Isitoshe, swali la pombe halikuwa la mchezo kwa waliokaa pale. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi 2023 ulimaliza mifugo ya nyumba nyingi. Mwanamke aliyebaki na mbuzi wachache ana njia chache za kupata fedha: kuchoma makaa, kusuka vikapu na mikeka ya majani ya mkoma, kuokota kuni, au kupika pombe. Kule Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992, nafaka ya msaada imekuwa ikibadilishwa mikononi na sehemu yake kuishia kwenye busaa, pombe ya nafaka. Vijijini ni hivyohivyo kwa kiasi kidogo. Busaa ina kazi nyingi. Inanywewa kwenye arusi, inalipa vibarua wa kujenga boma, na mzee asiye na meno hushiba kwayo. Chang'aa ni habari nyingine, na akina mama wenyewe wanajua hivyo. Hiyo ni ya fedha tu.

Siku ya baraza nilisoma karatasi yote. Nilipofika kwenye vileo kulikuwa na minong'ono, kisha mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa mbele na miguu ameinyoosha mchangani, akauliza:

"Mwalimu, kwa hivyo polisi hawana neno nasi?"

"Hawana neno, mama," nikamjibu. "Ile sheria ilifutwa."

Sikukosea kuandika tu. Niliulizwa swali la moja kwa moja, na nikajibu nisilolijua.

Yule mama alikuwa akipika nyuma ya nyumba, ng'ambo ya laga, yaani mto mkavu, mahali pa kujificha. Baadaye nilipaona. Sufuria kubwa jeusi lilikaa juu ya mafiga, ndani yake chungu kidogo kimening'inizwa, juu yake beseni la maji baridi, na ukingo mzima umezibwa kwa udongo ili mvuke usitoroke. Mvuke ukifika chini ya beseni unapoa, unageuka matone, matone yanaangukia chunguni. Maji ya beseni yakipata moto yanamwagwa na kuwekwa mengine, kwa hivyo upishi huu unataka maji mengi, na wakati wa kiangazi maji hayo huchotwa kwa kopo kutoka shimo lililochimbwa mchangani, kopo baada ya kopo, huku jerikani zikisubiri foleni. Kupikia karibu na barabara kungempunguzia kazi ya kubeba na kumletea madereva na abiria. Alikuwa akiogopa kufanya hivyo. Karatasi yangu ilimwondolea hofu. Akahamisha mafiga, akanunua chupa tupu za plastiki za soda, akaanza kuuza mchana kweupe.

Alishikwa mwezi uliofuata. Chang'aa ilimwagwa, sufuria likachukuliwa kuwa ushahidi, naye akalala kituoni. Niliambiwa kwamba walipomfikia hakukimbia. Aliingia ndani, akatoa karatasi yangu ndani ya mfuko wa nailoni alimoweka kadi za kliniki za watoto, akawapa waisome.

Habari ilinifikia kwa simu nikiwa Lodwar. Sikushtuka kwa kosa langu, maana sikujua bado kwamba nimekosa. Nilikasirika. Nilijua kabisa kwamba polisi wameonea, kwamba huku mbali askari bado wanafuata sheria ya 1980, na kwamba ni juu yangu kwenda kuwafundisha. Nilichukua nakala yangu yenye mstari mwekundu, nikapanda gari alfajiri. Njiani nilikuwa nikipanga maneno.

Afisa aliyenipokea hakunifokea. Nilimwonyesha kifungu cha kufuta. Akakisoma, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, ile ilifutwa," akasema. Kisha akazirudisha kurasa za nakala yangu mwenyewe, kutoka nyuma kwenda mbele, taratibu, hadi karibu na mwanzo. Akaniuliza kama nimesoma kifungu cha 7.

Nilikisoma hapo, nimesimama, kidole kikifuata mstari. Kinakataza mtu yeyote kutengeneza kileo, kukiuza au kukiingiza nchini ila kwa leseni na kwa kufuata masharti ya leseni. Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani bado ilikuwa na ujasiri, kwamba hicho ni cha bia na mvinyo wa viwandani. Akafungua ukurasa wa tafsiri za maneno. Kileo, kwa mujibu wa sheria hii, ni pamoja na pombe za kienyeji, na ni kinywaji chochote chenye kilevi kuanzia nusu ya asilimia moja. Nusu ya asilimia. Busaa imo. Chang'aa imo mara nyingi kupita kiasi. Akaendelea kufungua: chang'aa lazima iwe kwenye chupa ya kioo. Vifungashio vya plastiki vya ukubwa wa kiganja vimekatazwa. Lebo lazima iwe na maonyo ya afya yanayochukua asilimia 30 ya sehemu yake. Kila ukurasa aliofungua ulikuwa msafi, hauna alama hata moja ya kalamu yangu.

Wakati ule nilielewa jambo ambalo ningeweza kulielewa mezani kwangu, kwa taa, bila mtu kulala kituoni. Bunge halikuiachilia chang'aa. Liliitoa kwenye marufuku na kuiingiza kwenye udhibiti, na udhibiti huo wote, kila uzi wake, ulikuwa kwenye zile kurasa nilizoziita za kiufundi. Kifungu nilichokishangilia kilikuwa cha kufagia tu, cha kuondoa sheria ya zamani ili mpya ikae. Mimi nilichukua ufagio nikautangaza kuwa nyumba.

Na sababu ya masharti hayo haikuwa kuwaonea maskini. Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi, iliyotiwa methanoli, iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa duni ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Waliotunga sheria ya 2010 walitaka chang'aa itoke gizani ili ipimwe, ifungwe kwenye chupa inayoonekana, na iwe na mtu wa kuulizwa. Haikufaulu kama walivyotumaini. Februari 2024 watu walikufa tena Kirinyaga kwa pombe ya sumu. Lakini kusudi lilikuwa hilo, na katika karatasi yangu sikuwa nimeandika neno hata moja kuhusu sumu. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba ni halali, na sikuwaambia inaweza kuua.

Yule mama aliletwa. Aliniangalia mimi kwanza, kisha afisa.

"Wamesema nini?"

"Mama, mimi ndiye niliyekosea. Sheria haisemi nilivyowaambia."

Alinyamaza kidogo. "Lakini uliisoma kwenye kitabu."

"Niliisoma nusu."

Hakunilaumu kwa maneno. Aliuliza tu kama wale wenzake wengine wanajua, maana wawili walikuwa wamehamisha mafiga kama yeye. Nilituma ujumbe wa simu papo hapo, na mmoja wao alipata nafasi ya kuondoa vyombo. Huyo wa pili tulimkuta jioni. Vyombo vyake vilikuwa pale pale, na shukrani kwa Mungu hakuna aliyekuwa amemfikia.

Yule mama alikiri kosa mahakamani, akatozwa faini. Mbuzi wanne waliuzwa kwa bei ya haraka, ambayo si bei. Mimi nilichangia nauli na sehemu ya faini, nikabaki na deni la sehemu iliyosalia. Hiyo ndiyo gharama inayohesabika.

Ningependa kusema kwamba kosa liliishia hapo. Halikuishia. Nililirudia, nikiwa nimeshaona matokeo yake.

Baada ya kesi mama huyo aliniambia jambo la busara. Alisema: kama sheria inataka leseni, basi tuitafute leseni, hata kama ni ya busaa peke yake, aache chang'aa kabisa. Nilifurahi, nikaona nafasi ya kutengeneza nilichoharibu. Safari hii nilisoma vifungu vyote vya leseni, kimoja kimoja. Sheria ilieleza wazi kwamba maombi yanapelekwa kwa kamati ya wilaya ya udhibiti wa vileo. Nikamwandikia barua nzuri. Nikampa nauli. Nikamwelekeza ofisi za serikali ya taifa.

Alisafiri, akasubiri kwenye benchi tangu asubuhi, na alipoitwa karani akamwambia kwa upole kwamba kamati hiyo haipo, kwamba leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kwamba barua yake imeandikwa kwa ofisi ambayo haina mtu. Siku hiyo ofisi ya kaunti inayohusika ilikuwa imefungwa. Akalala kwa jamaa yake, akarudi Kaaleng bila kitu.

Ukitazama tarehe utaona nilivyonaswa. Sheria ya vileo ilitiwa sahihi tarehe 13 Agosti 2010. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, Katiba mpya ikazinduliwa, na Jedwali lake la Nne, sehemu ya pili, likataja leseni za pombe miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo sheria hii ilizaliwa ikizungumzia wilaya katika nchi ambayo ilikuwa tayari imeamua kuwa na kaunti. Serikali za kaunti zilipoanza kazi Machi 2013, mamlaka yalihama. Kaunti zikaanza kutunga sheria zake, Nairobi ikiwa na yake ya 2014. Lakini nakala yangu ilikuwa fotokopi ya chapa ya kwanza, na karatasi haihami. Neno wilaya lilikuwa bado pale, jeusi, linasomeka vizuri kabisa.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha Jedwali la Nne. Upande wa mbele wa karatasi yangu, katika orodha ya kazi za kaunti, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "leseni za vileo". Upande wa nyuma nilikuwa na sheria ya vileo. Nilizisoma pande zote mbili kwa watu walewale, asubuhi moja, na sikuwahi kuuliza upande mmoja unaufanyia nini upande wa pili.

Tangu hapo nimejifunza kusoma marekebisho, na ni kazi kavu. Marekebisho ya sheria hayaji yamefungwa kama hadithi. Yanakuja hivi: katika kifungu kidogo cha pili, futa maneno haya, weka haya. Baada ya neno fulani, ongeza neno fulani. Badilisha jina la kamati popote linapotokea. Mara nyingi Bunge la Kenya hukusanya mabadiliko madogo ya sheria nyingi tofauti ndani ya mswada mmoja wa marekebisho mbalimbali, na mstari mmoja wa vileo unaweza kukaa katikati ya mistari ya trafiki na ya vyama vya ushirika. Usipokuwa na sheria mama upande wa kushoto na marekebisho upande wa kulia, huoni kitu. Msemaji bungeni husema ni marekebisho ya kiufundi, wote hupumua, na kikao huendelea.

Mimi pia nilikuwa nikipumua. Nilikuwa nikidhani kuna mambo ya sera, ambayo ndiyo makubwa, na mambo ya kiufundi, ambayo ni ya kusafisha lugha. Katika sheria ya vileo mgawanyo huo haupo. Kiwango cha kilevi kinachoifanya kinywaji kiwe kileo ni namba moja. Umbali wa baa kutoka shule, mita 300, ni namba. Ujazo wa chupa ni namba. Saa ya kufungua ni namba. Ofisi inayotoa leseni ni jina moja tu. Badilisha chochote kati ya hivyo, na mtu aliyelala akiwa raia mwema ataamka akiwa mkosaji bila kusogeza sufuria lake. Si lazima awe na habari. Katiba yenyewe, ibara ya 199, inasema sheria ya kaunti haianzi kutumika mpaka ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi. Sijawahi kuliona Gazeti hilo likiuzwa wala kubandikwa Kaaleng.

Hapo ndipo watu wa kazi yangu tunapohitajika, na hapo ndipo mimi sikuwepo. Kazi ya kusema "mna haki" inafanywa na wengi. Kazi ya kwenda kumwambia mama wa Kaaleng kwamba neno moja limebadilishwa kwenye tafsiri ya maneno, na kwamba neno hilo linamgusa kwa namna hii na hii, haina mpiga picha wala semina ya hoteli.

Kuna jambo sikuweza kumtengenezea, na sitajifanya. Niliporudi kumweleza njia sahihi ya kuomba leseni kwa kaunti, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mambo yake kwa mpangilio. Chupa za kioo zinapatikana wapi? Nani atapima pombe yangu, na atanipima kwa kiasi gani? Hiyo lebo inachapishwa wapi? Chumba cha kuuzia kiweje? Kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa la mtu mwenye mtaji wa kiwanda. Naamini sheria ile ilifanya vizuri kuitoa chang'aa kwenye marufuku ya upofu, lakini mlango iliouacha wazi ni wa kipimo cha mtu mwingine. Mwanamke anayepika pipa moja la busaa kwa arusi ya jirani hawezi kupita hapo. Ikiwa watu wa Turkana Kaskazini wanataka busaa ya nyumbani itenganishwe na pombe kali inayoletwa kwa jerikani, basi maneno hayo yanapaswa kuingia kwenye tafsiri za mswada wa kaunti, wakati wa ushirikishaji wa umma ambao ibara ya 196 inaulazimisha, kabla ya sahihi. Nilimwambia hivyo. Aliniuliza mkutano kama huo ukiitishwa, tangazo litafika Kaaleng kwa njia gani. Tulikubaliana nimpigie simu mwenyewe nikisikia. Namba yake iko juu kabisa kwenye simu yangu.

Hapiki tena kwa sasa. Anauza tumbaku na sukari kwa vipimo vidogo, na anasema faida ni ndogo kuliko ya chang'aa lakini analala.

Wale walionipa kazi niliwaandikia barua, nikaeleza kosa bila kulipunguza, nikaomba karatasi zote zirudishwe. Nyingi zilirudi. Si zote. Wiki chache zilizopita nilikuta moja imebandikwa ukutani ndani ya kioski, upande wa vileo ukiwa nje, na ikabidi nimweleze mwenye kioski ndipo aniruhusu kuibandua. Kule Kaaleng, nilipoomba baraza jingine la kusahihisha, waliohudhuria walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, na mzee mmoja akauliza mbele ya wote kwa nini waamini la leo. Nilimjibu kwamba ana haki ya kutoamini, na kwamba safari hii nimekuja na sheria yote, si kurasa nilizozichagua, na yeyote anayejua kusoma aje asome pamoja nami.

Aliyekuja ni binti wa yule mama, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Mama yake ndiye aliyemtuma. Alitoa sharti kwamba karatasi mpya haitachapishwa kabla binti yake hajailinganisha na kitabu, mstari kwa mstari. Tulikaa kivulini mchana kutwa, yeye na nakala ya sheria kwa Kiingereza, mimi na rasimu yangu ya Kiswahili. Alikuwa msomaji mzuri kuliko mimi. Hakuruka kitu. Tulipofika kwenye saa za baa akanisimamisha.

"Mwalimu, hapa umeandika saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, siku zote."

"Ndiyo."

"Kitabu kinasema hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi, Jumapili na sikukuu ni kuanzia saa nane mchana."

Nikatazama. Alikuwa sahihi. Nikafuta mstari ule, nikauandika upya jinsi alivyousoma, akaulinganisha tena na kitabu, ndipo tukaenda kwenye kifungu kinachofuata.